Namna ya Kutia na Kukata Nyuzi Mpya za Gitaa la Umeme

Si mara moja wala mbili watu waliokusanyika katika dansi ya Jumamosi wamesikia uzi wa gitaa ukikatika, kisha bendi ikanyamaza, na wachezaji wakabaki katikati ya ukumbi wakitazamana. Mpiga gitaa huinama, hufungua pakiti yake, hutia uzi mpya kwa haraka, na kabla hajaupima huukata mkia wake ili usimsumbue. Aanzapo kuukaza, uzi huteleza katika kigingi na kuchomoka. Sasa umekuwa mfupi, haufiki tena mahali pake, wala hana mwingine. Wenye ukumbi wamekasirika, na malipo ya bendi yamo mashakani. Yote hayo kwa ajili ya sentimita tano za waya.

Hasara ya namna hiyo yaweza kuzuiliwa kwa urahisi. Kazi ya kutia nyuzi haihitaji nguvu wala ufundi mkubwa, lakini inahitaji utaratibu. Ndani ya utaratibu huo kuna jambo moja lililo kubwa kuliko mengine, nalo ni hili: mtu asikate uzi mpaka awe amekwisha kuupima, na mpaka awe anajua gitaa lake lina vigingi vya namna gani. Uzi mrefu waweza kupunguzwa wakati wowote, bali uliokatwa mfupi hauna dawa. Wahenga walisema kweli kwamba maji yakimwagika hayazoleki.

NYUZI HIZI NI ZA NAMNA GANI

Gitaa la kawaida hupata sauti yake kutokana na sanduku lake la mbao lililo wazi ndani. Gitaa la umeme, ambalo watu wengi katika Kenya huliita gitaa la stima, halitegemei sanduku. Chini ya nyuzi zake zimewekwa sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, nguvu ya sumaku ile huyumba, na ndani ya waya wa shaba hutokea umeme kidogo sana unaoufuata mtikiso wa uzi. Umeme huo hupelekwa kwenye mashine ya kukuza sauti, na hapo ndipo watu husikia muziki. Katika California, Marekani, George Beauchamp alitengeneza gitaa la namna hiyo mwaka 1931, na mwaka uliofuata, 1932, yakaanza kuuzwa.

Kwa maelezo hayo mtu ataona mara moja kwa nini nyuzi za nailoni hazifai katika gitaa la umeme. Sumaku haiwezi kuzitambua. Nyuzi zinazotakiwa ni za chuma. Kwa kawaida tatu nyembamba huwa ni waya mtupu, na tatu nene huwa na kiini cha chuma kilichozungushiwa waya mwingine, ambao mara nyingi umepakwa nikeli.

Unene wa nyuzi hupimwa kwa sehemu za elfu za inchi. Seti inayotumika sana ina nyuzi za unene wa 10, 13, 17, 26, 36 na 46. Maana yake ni kwamba uzi ulio mwembamba kuliko yote una unene wa sehemu 10 katika 1,000 za inchi, yaani robo ya milimita. Seti nyepesi ya namna hiyo ilitolewa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Ernie Ball, aliyekuwa na duka la ala za muziki huko Tarzana, California. Kabla ya hapo seti nyingi zilikuwa nene zaidi, na hata uzi wa tatu ulikuwa umezungushiwa waya, jambo lililowaumiza vidole wanafunzi.

Nyuzi sita za seti hiyo, zikikazwa barabara katika gitaa lenye shingo ndefu, huvuta kwa nguvu ya kilo 47 hivi. Hiyo ni zaidi ya nusu ya gunia la mahindi la kilo 90. Nguvu hii yafaa ikumbukwe daima, kwa sababu ndiyo inayoipinda shingo ya gitaa, ndiyo inayoushika uzi katika kigingi, na ndiyo inayoweza kumtoa mtu jicho.

KWA NINI NYUZI HUCHAKAA

Watu wengi hudhani kwamba uzi ni mzima maadamu haujakatika. Sivyo. Jasho la vidole lina maji na chumvi, na vitu hivyo viwili hula chuma. Mafuta ya ngozi na vumbi huingia katikati ya mizunguko ya waya na kuufanya uzi kuwa mzito mahali pamoja na mwepesi mahali pengine. Kadhalika uzi hugongana kila siku na mataruma, yaani vile vyuma vyembamba vilivyolala kukatisha shingo ya gitaa kama mataruma ya reli, na mwisho huchongeka upande wa chini. Uzi uliofikia hali hiyo hutoa sauti nzito isiyong'aa, wala haukubali kulinganishwa na wenzake. Mpigaji huudhika akidhani kosa ni lake au la gitaa.

Katika mji kama Mombasa, ambako upepo wa bahari huleta unyevu na chumvi, kutu huja upesi zaidi. Dawa yake ni rahisi. Kila baada ya kupiga, mwenye gitaa na apanguse nyuzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini, kisha alirudishe gitaa ndani ya mfuko wake. Hata hivyo siku itafika ambapo nyuzi hazina budi kubadilishwa, na ni heri siku hiyo iwe ya kuchaguliwa nyumbani kuliko kuja yenyewe mbele ya watu.

VITU VYA KUTAYARISHA

Kwanza mtu na atafute meza imara, na juu yake atandike blanketi ili gitaa lisikwaruzwe. Chini ya shingo aweke kitabu kinene au taulo iliyokunjwa, ili kichwa cha gitaa kisielemee meza. Awe na koleo la kukatia waya lenye meno makali, kitambaa safi, rula, penseli ya risasi, na kopo tupu lenye kifuniko. Matumizi ya kopo hilo yataelezwa baadaye. Ni vizuri pia kuwa na kipimo cha sauti. Siku hizi hata simu ya mkononi yaweza kufanya kazi hiyo. Mashine ya kukuza sauti na izimwe, na waya uchomolewe katika gitaa.

Nyuzi zenyewe zisitolewe zote kwa pamoja katika pakiti. Viwanda vingine huzitia kila mmoja ndani ya bahasha yake, na vingine huzitofautisha kwa rangi ya kipete, yaani kile kijiduara kidogo cha shaba kilichofungwa katika ncha moja ya uzi. Uzi wa 10 na uzi wa 13 hufanana sana machoni. Mtu akivichanganya ataukaza mnene kuliko inavyostahili.

KUONDOA NYUZI ZA ZAMANI

Hapa ndipo kosa la kwanza hufanywa. Mtu mwenye haraka huchukua koleo na kukata nyuzi zikiwa bado zimekazwa. Uzi mwembamba peke yake umevutwa kwa nguvu ya kilo 7 hivi. Ukikatwa ghafula hurudi kama mjeledi, na ncha yake ni kali kama sindano. Jicho likichomwa na ncha hiyo laweza kupofuka. Basi kila uzi ulegezwe kwanza kwa kuzungusha kigingi, mpaka uwe unaning'inia. Baada ya hapo wawezekana kukatwa bila hatari, au kufunguliwa kwa mkono.

Swali la pili ni kama nyuzi zote ziondolewe kwa mara moja au mmoja mmoja. Jibu hutegemea umbo la gitaa. Magitaa mengi yanayotengenezwa leo yameiga moja katika maumbo mawili ya Marekani. La kwanza ni Les Paul, lililotolewa na kampuni ya Gibson ya Kalamazoo, Michigan, mwaka 1952. La pili ni Stratocaster, lililotolewa na Leo Fender huko Fullerton, California, mwaka 1954. Katika magitaa mengi ya umbo la Les Paul, daraja linaloshikilia nyuzi halikufungwa kwa parafujo, bali limekaa tu juu ya vijiti viwili na kugandamizwa na nyuzi zenyewe. Nyuzi zote zikitoka, daraja huanguka na kuikwaruza mbao. Katika Stratocaster, nyuma ya gitaa kumefichwa springi zinazoshindana na nyuzi, kama watu wa pande mbili wanaovutana kamba. Upande mmoja ukiachia, daraja huondoka mahali pake, na kulirudisha ni kazi ya kuchosha.

Kwa sababu hiyo shauri jema kwa mtu asiye fundi ni kubadilisha uzi mmoja mmoja: atoe wa zamani, atie mpya, aukaze kiasi, ndipo aendee wa pili. Kama anataka kuisafisha shingo, na apanguse palipo wazi kila atoapo uzi.

Kabla ya kutia uzi mpya, atazame mkato wake katika kizingiti, yaani kile kipande cha mfupa au plastiki kilicho kati ya shingo na kichwa. Akisugua penseli ya risasi ndani ya mkato huo, unga wake utaulainisha, na uzi utateleza vizuri wakati wa kulinganisha sauti. Uzi unaokwama hapo hulia kwa mkwaruzo na kuruka ghafula kutoka sauti ya chini hadi ya juu.

KUPIMA ULEGEVU

Uzi mpya hupitishwa kwanza katika daraja, kipete chake kikabaki nyuma kuuzuia usitoke. Katika umbo la Les Paul huingizwa kwa juu, katika chuma kilicho nyuma ya daraja. Katika Stratocaster huingizwa kutoka mgongoni mwa gitaa na kutokea mbele. Uvutwe kidogo mpaka kipete kisikike kimekaa mahali pake, kisha upelekwe hadi kwenye kizingiti na kwenye kigingi chake.

Sasa ndipo kipimo kinapotakiwa. Uzi ukivutwa ukanyooka kabisa na kufungwa hivyo hivyo, hautauzunguka mwili wa kigingi, na utateleza mara utakapokazwa. Ukiachwa mrefu mno, utajikunja juu ya kigingi kama kamba iliyosukwa ovyo, mzunguko mmoja ukipanda juu ya mwingine, na kila siku utakuwa ukijilegeza kidogo kidogo. Unaofaa ni kati ya mizunguko miwili na mitatu kwa nyuzi nene, na mitatu hivi au minne kwa nyuzi nyembamba, kwa kuwa waya mtupu huteleza zaidi.

Hesabu yake si ngumu. Kigingi cha kawaida kina upana wa milimita 6 hivi, na mzingo wake ni karibu milimita 19. Basi mizunguko miwili na nusu hula kiasi cha milimita 48, ambazo ni sentimita 5 hivi. Mizunguko mitatu na nusu hula milimita 66, yaani sentimita 6 na nusu. Hicho ndicho kipimo cha kushika moyoni: sentimita 5 za ulegevu kwa uzi mnene, na kati ya 6 na 7 kwa uzi mwembamba.

KIGINGI CHENYE TUNDU UBAVUNI

Vigingi vilivyo vingi vina tundu lililotoboka kutoka upande mmoja hadi wa pili. Katika vigingi hivi uzi hukatwa mwisho wa kazi yote.

Tundu na lielekezwe upande ule uzi unakotoka. Uzi upitishwe ndani yake na kuvutwa mpaka unyooke. Kisha urudishwe nyuma kwa kipimo kilichotajwa, sentimita 5 au zaidi kidogo. Mahali unapotokea upande wa pili wa tundu, mkia wake ukunjwe kwa nguvu ili uweke kona. Kona hiyo ndiyo kufuli yake ya kwanza. Kidole kimoja kiushike uzi karibu na kizingiti usilegee, na mkono wa pili uzungushe kishikio cha kigingi.

Uzi wapasa kupita upande wa ndani wa kigingi, yaani ule ulio mbali na vishikio vinavyozungushwa kwa vidole. Kila mzunguko mpya ukae chini ya ule uliotangulia, ukielekea kwenye mbao ya kichwa, kama kamba inavyopangwa vizuri juu ya gurudumu la kisimani. Kwa njia hiyo uzi hushuka kutoka kwenye kizingiti kwa pembe nzuri, hukaa imara ndani ya mkato wake, wala hautetemi mahali pasipotakiwa. Mikia yote na iachwe mirefu kwanza, hata kama inachukiza macho.

KIGINGI CHENYE UFA KICHWANI

Katika magitaa ya Fender ya miaka ya 1950, na katika mengine mengi yaliyoyaiga, vigingi vyake havina tundu ubavuni. Vichwa vyake vimepasuliwa kwa ufa, na katikati ya ufa kuna shimo linaloshuka chini. Mtu asiyevijua hufunga fundo juu ya ufa huo na kuacha ncha ikichomoza. Sivyo vilivyokusudiwa.

Katika vigingi hivi utaratibu hugeuka: uzi hukatwa kabla ya kuzungushwa. Hiyo ndiyo sababu kipimo chake hakina msamaha. Uzi uvutwe unyooke kupita kigingi chake, na rula iwekwe. Uzi mnene ukatwe sentimita 5 mbele ya kigingi, nao mwembamba sentimita 7. Penye vigingi sita katika mstari mmoja, njia nyepesi ya kupima nyuzi nene ni kuhesabu vigingi viwili mbele ya kile kinachotiwa uzi, na kukata hapo. Kwa nyuzi za mwisho, ambazo hazina vigingi viwili mbele yake, rula itumike. Mwenye mashaka na aongeze nusu sentimita.

Lipo onyo moja kwa nyuzi zilizozungushiwa waya. Nyingine zina kiini cha mviringo, na waya wa nje umekaa tu kwa kubana. Uzi kama huo ukikatwa ukiwa umenyooka, waya wa nje huweza kufumuka kutoka pale ulipokatwa, na uzi mzima ukawa na sauti iliyokufa kabla haujapigwa hata mara moja. Basi uzi ukunjwe kwanza kwa koleo, kona kamili, na ukatwe mbele ya kona hiyo. Kwa nyuzi ambazo kiini chake kina pande sita hatari hii ni ndogo, lakini kukunja kwanza hakudhuru kitu, na kwa vyovyote kona hiyo inahitajika.

Ncha iliyokunjwa huingizwa wima ndani ya shimo la kigingi mpaka ifike chini, uzi hulazwa ndani ya ufa, na kuzungusha huanza kama ilivyoelezwa. Uzuri wa kigingi hiki ni kwamba ncha kali imezikwa ndani ya chuma, na hakuna kitakachomchoma mtu.

Kuna pia vigingi vya namna ya tatu, vyenye kufuli. Hivyo huubana uzi kwa parafujo ndogo, kwa hiyo havihitaji mizunguko mingi. Uzi huvutwa ukanyooka, hufungiwa, huzungushwa mpaka sauti yake ifike, na mkia hukatwa mwisho.

KUVUTA NA KULINGANISHA

Uzi mpya haukubali kutulia mara moja. Mizunguko yake katika kigingi bado haijabana, na kona zake juu ya daraja na kizingiti bado ni laini. Mtu akiulinganisha na kuanza kupiga, utashuka sauti kabla wimbo haujaisha. Kwa hiyo kila uzi ukazwe mpaka sauti yake, kuanzia ulio mnene: E, A, D, G, B, na E ya juu. Kisha ushikwe katikati kwa vidole viwili na kuvutwa polepole kwenda juu, mbali na mbao, bila ya kuupinda kwa nguvu. Sauti itashuka. Irudishwe, na uzi uvutwe tena. Jambo hili lifanywe mara tatu au nne, mpaka uzi uvutwe na sauti isishuke. Kila mara uzi ufikishwe kwenye sauti kwa kupanda kutoka chini. Kama umepita, ulegezwe na kupandishwa upya.

Wakati wote huu uso wa mtu usiinamishwe juu ya gitaa. Kama uzi una kasoro, huu ndio wakati wake wa kukatika.

KUKATA MIKIA

Sasa nyuzi zimetulia, na kwa vigingi vyenye tundu au kufuli saa ya koleo imefika. Mkia ukatwe karibu na kigingi, ukibaki mfupi wa milimita 2 au 3. Ukikatwa sawasawa na chuma bila kubakiza kitu, uzi unaojivuta kidogo waweza kuchomoka. Ukiachwa mrefu, utachoma vidole, utapasua mfuko wa gitaa, na katika jukwaa dogo utamkwaruza jirani shavuni.

Kabla ya kubana koleo, mkono wa pili uushike mkia unaokatwa mpaka kazi iishe. Kipande cha waya kilichoachwa huru huruka kwa kasi, na hakuna ajuaye kitaangukia wapi. Watoto wasiwe karibu. Baada ya kukata, ncha iliyobaki ikunjwe kuelekea chini kwa mdomo wa koleo, na kidole kipitishwe polepole kuhakikisha kwamba hakuna panapochoma.

VIPANDE VYA WAYA

Ni sasa kopo lile linapopata kazi. Seti moja ya nyuzi huacha vipande vingi: mikia mipya sita na nyuzi za zamani sita. Watu wengi huvifagia pamoja na takataka na kuvitupa nyuma ya nyumba. Hilo ni kosa lisilohusu muziki peke yake. Mtoto anayetembea bila viatu huchomwa. Ng'ombe naye hali kwa kuchagua kama mbuzi; hukusanya majani kwa ulimi na kumeza chochote kilichomo. Waya mkali ukifika katika tumbo lake waweza kutoboa ukuta wa tumbo, na kwa kuwa moyo uko karibu, mnyama mwenye afya njema huweza kudhoofika na kufa, na mwenyewe asijue sababu. Hakuna wimbo unaolipa hasara ya ng'ombe wa maziwa. Vipande vyote na vitiwe ndani ya kopo, lifungwe kwa kifuniko, na likijaa litupwe mahali pa taka ambapo mifugo haifiki, au apewe mnunuzi wa vyuma chakavu.

JARIBIO LA MWISHO

Mwenye gitaa asiliweke kando kabla ya kufanya jaribio moja. Taruma la 12 limewekwa katikati ya urefu wa uzi, na sauti yake yapasa kuwa ileile ya uzi mtupu, ila juu zaidi kwa daraja moja kamili la nota nane. Kwanza uzi uguswe tu kwa kidole juu ya taruma la 12, bila kukandamizwa, na kupigwa. Utalia kama kengele. Kisha ukandamizwe hapo hapo na kupigwa tena. Sauti mbili hizo zikilingana, kazi ni njema. Kama ile ya kukandamizwa iko juu, uzi umekuwa mfupi, na kipande chake cha darajani kirudishwe nyuma kwa parafujo yake. Kama iko chini, kisogezwe mbele. Yule aliyetia nyuzi za unene uleule wa zamani mara nyingi hatahitaji kugusa kitu. Aliyebadili unene hana budi kulipima gitaa lake lote, maana na shingo nayo imebadilishiwa mzigo.

Gitaa la umeme limekuwa na heshima kubwa katika muziki wa Kenya. Katika miaka ya 1960 lilisikika katika nyimbo za Equator Sound Band mjini Nairobi, ambamo walikuwamo Daudi Kabaka na Fadhili William, na mtu hawezi kuitaja benga bila kukumbuka nyuzi zake nyembamba zinazolia juu. Nyuzi hizo hazitiwi na mashine. Kila moja imepitishwa darajani, ikapimwa, ikazungushwa, na kukatwa kwa mkono wa mtu. Mpiga gitaa aliyezoea kupima kwanza na kukata baadaye ataweza kubadilisha uzi hata gizani, nyuma ya jukwaa, watu wakisubiri. Naye mwenye busara ataweka daima katika mfuko wake nyuzi mbili nyembamba za akiba pamoja na koleo lake, na Jumamosi uzi ukikatika, dansi itaendelea.